King'amuzi kipya cha kurekodi: chenye diski ndani, cha flashi, au runinga yenyewe?

Usiku tuliofunga king'amuzi kipya nilichomeka nyuma yake flashi yetu ya zamani, ile yenye kamba nyekundu, nikitegemea kuona orodha ya vipindi tulivyorekodi kwa miaka miwili. Runinga ikatulia kidogo, kisha likatokea swali: flashi haisomeki, je, ifutwe na kuandaliwa upya? Kidole changu kilikuwa tayari kwenye OK. Mama, aliyekuwa amekaa mkekani akichambua dagaa, akainua macho.

"Mwanangu, usibonyeze kitu hujakielewa."

Nikachomoa flashi. Ndani yake mlikuwa na tamthilia zake za Kituruki, mechi tano au sita, na dakika mbili na ushee za taarifa ya habari ambamo marehemu baba anahojiwa mwaloni Kibirizi kuhusu bei ya dagaa. King'amuzi kipya kingevifuta vyote kwa sekunde chache, tena kwa ruhusa yangu mwenyewe.

Kwa hiyo ulinganisho huu nauanzia pale ambapo muuzaji hafiki. Yeye atakueleza idadi ya chaneli na ubora wa picha. Mimi nataka kwanza ujue kitakachotokea kwa ulivyorekodi jana na utakavyorekodi kesho, halafu ndipo tuzungumze bei.

Nyumba yetu ilivyo

Tunaishi Mwanga, Kigoma mjini. Kazi yangu ni ya zamu, wiki moja mchana, wiki moja usiku. Mama ana tamthilia ya saa tatu usiku na haoni sababu ya kuiacha kwa ajili ya mpira. Mke wangu anataka taarifa ya habari ya saa mbili, na saa hiyo ndiyo anafunga duka. Watoto wana katuni. Mechi nyingi za Ligi ya Mabingwa Ulaya zinaanza saa nne usiku wetu wakati Ulaya wako kwenye majira ya joto, na zinasogea hadi saa tano wanaporudisha saa zao nyuma mwishoni mwa Oktoba. Kipenga cha mwisho hapo ni karibu saa saba usiku, na mimi zamu ya asubuhi inanisubiri.

Tulihama kampuni kwa sababu ndogo tu. Tamthilia ya mama ilihamia kwenye king'amuzi cha wenzao, na kitufe cha kurekodi kwenye rimoti yetu kilikuwa kimekufa tangu Ramadhani.

Jambo moja kabla hujaingia dukani: ukiomba "DVR", kifupi cha Kizungu cha mashine ya kurekodi video, utaletewa boksi la kamera za ulinzi. Nilifanya hivyo, na kijana wa duka akanipigia hesabu ya kamera nne na nyaya zake kabla sijafungua mdomo. Kweli, boksi lile nalo linarekodi kwenye diski, ila halina tundu la waya wa dishi. Sema unataka king'amuzi kinachorekodi.

Ufunguo anao nani?

Waliokua na deki watanielewa haraka. Deki za VHS zilizotoka Japani mwaka 1976 ziliandika picha kwenye mkanda, na mkanda ule uliupeleka kwa jirani, ukachezwa kwenye deki yake bila kuulizwa chochote. Mwaka 1999 Marekani ikaanza kuuza mashine za kurekodi kwenye diski, TiVo na ReplayTV, na hapo rekodi ikaanza kuishi ndani ya mashine badala ya kuishi kwenye kabati.

King'amuzi chako cha leo hakichori picha upya. Kinachukua mkondo wa data kama ulivyoshuka kutoka kwenye setilaiti na kuumwaga kwenye diski au flashi. Ndiyo maana rekodi inafanana kabisa na matangazo yenyewe, bila ule ukungu wa kanda za zamani. Lakini kwa chaneli za kulipia, mkondo huo unahifadhiwa ukiwa umefungwa, na ufunguo uko kwenye kadi na chipu ya king'amuzi kilekile kilichorekodi. Peleka flashi kwenye king'amuzi kingine, hata cha kampuni ileile, utaona jina la faili na picha hutaiona. Chomeka kwenye kompyuta, hivyo hivyo.

Hapa ndipo njia zinapotengana.

King'amuzi cha kulipia, kiwe na diski ndani au kirekodi kwenye flashi, kinakupa rekodi inayoishi kadiri unavyobaki mteja. Ukihama, umeiacha. Diski ikifa, imekwenda nayo. Runinga nyingi zenye tundu la USB la kurekodi nazo hufunga rekodi kwa runinga hiyohiyo. Badilisha bodi kwa fundi na diski yako inageuka kuwa ngeni nyumbani kwake. King'amuzi cha chaneli za bure, vile vidogo vinavyopokea dishi au antena bila kadi, mara nyingi kinaandika faili la wazi. Unalichomeka kwenye kompyuta, unalifungua kwa VLC, programu ya kuchezea video, unalinakili, unalihifadhi. Hata ukibadilisha runinga mara tatu, faili ni lako.

Usinichukulie kwa neno langu. Mwambie muuzaji arekodi dakika moja mbele yako, chomoa flashi, chomeka kwenye kompyuta ya duka. Kama hataki, umeshajibiwa.

Diski ndani au flashi nje

Boksi kubwa lenye diski ndani linavutia. Explora ya DStv ilipotoka mwaka 2013 ilikuja na diski ya terabaiti 2, na kampuni ikahesabu hadi saa 220 za vipindi vya HD. Ukigawa mwenyewe utaona hesabu haikai sawa: chaneli ya HD inayokwenda megabiti 8 kwa sekunde inakula gigabaiti 3.6 kwa saa, kwa hiyo terabaiti 2 zingebeba zaidi ya saa 500. Kumbuka diski ile si yako peke yako. Sehemu yake imetengwa kwa ajili ya Catch Up, vipindi ambavyo kampuni inavishusha yenyewe kupitia dishi ili uvikute vinakungoja. Kwa mtu asiye na intaneti ya uhakika hilo ni jambo zuri, nalikubali bila kinyongo.

Na huduma ya kurekodi inaweza kuwa na ada yake ya kila mwezi, juu ya kifurushi. Uliza ada hiyo kabla ya kuuliza bei ya boksi, kwa sababu boksi unalilipia mara moja.

Faida halisi ya boksi kubwa ni tyuna, kile kipokezi cha ndani kinachonasa chaneli. King'amuzi chenye tyuna moja kinasikiliza sehemu moja ya setilaiti kwa wakati mmoja. Kikiwa kinarekodi tamthilia, wewe uko kifungoni: tazama chaneli hiyohiyo, au zile chache zinazosafiri nayo kwenye transponda moja, yaani mkondo mmoja wa mawimbi ya setilaiti. Chenye tyuna mbili au zaidi kinarekodi hiki huku unatazama kile. Ila hakiwezi kwa waya mmoja wa kawaida na LNB ya kawaida, kile kichwa kinachonasa mawimbi mbele ya dishi. Ama upate LNB yenye matundu mawili na nyaya mbili hadi sebuleni, ama ile LNB mpya inayogawa mawimbi kwenye waya mmoja. Niliona nyumba moja Gungu ambako boksi la bei kubwa lilifungwa kwa waya mmoja wa zamani, na mwenye nyumba analalamika kila siku kwamba "halirekodi viwili". Halirekodi viwili kwa sababu linasikia kwa sikio moja.

Je, unazihitaji tyuna mbili? Sisi tulibandika karatasi ya daftari pembeni ya runinga kwa wiki nzima. Kila mara watu wawili walipotaka vitu viwili kwa saa ileile, tuliandika. Wiki ilipoisha migongano ilikuwa minne. Mitatu ilihusu taarifa ya habari ya saa mbili dhidi ya katuni au mpira. Mmoja tu ulikuwa tamthilia dhidi ya mechi, yaani mama dhidi yangu. Bila karatasi ile ningeapa kwamba kila siku tunagombana.

Matokeo hayo yalibadilisha ununuzi wetu. Taarifa ya habari iko kwenye chaneli za bure, TBC1 au ITV, kwa hiyo haikuhitaji tyuna ya pili ndani ya boksi la kulipia. Ilihitaji king'amuzi kidogo cha bure, chenye flashi yake, kimekaa pembeni kikirekodi saa mbili kila siku, runinga iwe imewashwa kwa ajili ya katuni au imezimwa. Cha kulipia kiko HDMI 1, kidogo kiko HDMI 2. Kwa bei ya vyote viwili hatukufika hata karibu na boksi kubwa. Mgongano mmoja uliobaki huamuliwa na mama, na sijawahi kushinda.

Flashi, diski ya nje na uongo wa madukani

Ukichagua njia ya USB, hesabu ni nyepesi. Chaneli ya kawaida isiyo HD inakula kati ya gigabaiti 1 na 2 kwa saa. HD weka 3.6, ukitaka usalama weka 4. Flashi ya gigabaiti 64 inabeba mechi saba au nane za HD pamoja na mapumziko yake. Kwa kasi usihangaike: megabiti 8 kwa sekunde ni megabaiti 1 tu, na hata USB ya zamani inaimudu.

Hangaika na uhalisi wa flashi. Tarehe 25 Julai 2021 fainali ya Kombe la Shirikisho ilichezwa hapa kwetu, Uwanja wa Lake Tanganyika, Simba na Yanga. Mji ulijaa hadi watu wakalala kwa ndugu wa ndugu zao. Mimi nilikuwa uwanjani, nyumbani nimeacha king'amuzi kinarekodi kwenye flashi mpya ya gigabaiti 32 niliyoinunua kwa bei ya kutupa. Niliporudi nikakuta rekodi inaishia mapumziko. Flashi ilikuwa ya gigabaiti chache tu, imechezewa ili ijitangaze kubwa. Simba walishinda 1-0 kwa goli la Taddeo Lwanga kipindi cha pili, lakini kwenye flashi yangu mechi ile ni sare ya 0-0 mpaka kesho. Siku hizi flashi mpya naijaza kwanza kwenye kompyuta kwa mafaili yoyote hadi pomoni, kisha nayafungua yale ya mwisho. Yakifunguka, flashi ni ya kweli.

Halafu kuna mpangilio wa flashi. Nyingi zinakuja na FAT32, ambayo haikubali faili moja kuzidi gigabaiti 4. King'amuzi kizuri kinakata mechi vipande na kuviunganisha wakati wa kutazama bila wewe kujua; kibaya kinasimama kimya baada ya saa moja na ushee. Kama king'amuzi chako kinakubali NTFS au exFAT, tumia hizo. Na daima acha king'amuzi chenyewe kiiandae flashi mpya, sharti iwe mpya kweli. Unaikumbuka kamba nyekundu.

Diski ya nje ya terabaiti 1 inashawishi, maana flashi za ukubwa huo ni ghali. Nilichomeka moja kwenye king'amuzi kidogo, ikaanza kulia kek, kek, kek, ikanyamaza, ikaanza tena. Nikadhani mbovu. Fundi wa dishi akacheka: "Haina ugonjwa kaka, ina njaa." Tundu la USB la kawaida kwenye ving'amuzi hivi linatoa miliampea 500, na diski inayozunguka inataka zaidi ya hapo inapoamka. Suluhisho ni waya wenye vichwa viwili, au kigawanyio cha USB chenye adapta yake ya umeme. Au baki na flashi ambayo haina kinachozunguka.

Umeme

Kigoma tuliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli kabla ya Gridi ya Taifa kuanza kuufikia mkoa, na wengi wetu bado tuna betri na paneli ya sola kwa tahadhari. Kwa hiyo angalia wati. King'amuzi kidogo kinachorekodi kwenye flashi kinakula takribani wati 10. Boksi lenye diski inayozunguka ni 20 au zaidi, na linakula hata usipolitazama, kwa sababu ili lirekodi lazima likeshe. Betri ya 12V yenye Ah 100 ya maji au jeli, ambayo hutakiwi kuishusha zaidi ya nusu, inakupa wati-saa 600 za kutumia. Wati 20 kwa saa 10 za usiku ni 200, theluthi nzima imekwenda hata taa hujawasha.

Umeme ukikatika ghafla wakati wa kuandika, rekodi ya wakati ule huwa hatarini, na diski inayozunguka inaumia kuliko flashi. Lakini swali linalosahaulika ni hili: umeme ukirudi, king'amuzi kinafanya nini? Vingine vinarudi stendibai na ratiba zote zikiwa hai. Vingine vinawaka kwenye chaneli ya kwanza na kubaki hapo kama mgeni asiyejua aketi wapi. Vingine vinasahau saa. Jaribio lake ni rahisi: weka ratiba ya kurekodi baada ya dakika tano, chomoa plagi, subiri dakika moja, rudisha, usiguse rimoti. Kikirekodi, nunua.

Runinga yenyewe, na simu

Runinga yenye tundu la USB na kitufe cha kurekodi inamaliza mambo kwa nyumba yenye antena tu. Huhitaji boksi lolote la ziada. Ila watu wanapotea hapa: runinga inarekodi kile inachokipokea yenyewe kupitia antena. Haiwezi kurekodi picha inayoingia kwa HDMI kutoka kwenye king'amuzi. Nimeshaeleza hili kwa majirani wawili na wa tatu bado anabishana nami. Na kama nyumba yako iko bondeni, nyuma ya kilima, antena ikikuletea picha yenye vigae, rekodi nayo itakuwa na vigae vilevile.

Kuhusu programu za simu ambazo unatazama kipindi kilichopita bila kurekodi: Netflix wenyewe wanataja hadi gigabaiti 1 kwa saa kwa picha ya kawaida na 3 kwa HD, na programu nyingine haziko mbali sana na hapo. Mechi ya saa mbili kwa HD ni gigabaiti 6. Piga kwa bei ya bando lako, kisha zidisha kwa mechi za mwezi. Kwa anayefanya kazi mahali penye Wi-Fi sawa, ashushe huko. Kwa wengine, simu iwe ya kuokolea jahazi tu.

Dishi utalazimika kuligusa

Kubadili kampuni mara nyingi ni kubadili setilaiti. DStv iko nyuzi 36 mashariki. Kigoma iko karibu na nyuzi 30, kwa hiyo dishi lake linatazama karibu utosini. Azam iko nyuzi 7 mashariki, na dishi lake linalala upande wa magharibi, ng'ambo ya ziwa, kama mtu anayeangalia milima ya Kongo. Usidhani waya wa zamani utaingia kwenye boksi jipya na picha ije. Mweke fundi kwenye bajeti, na mwambie aache dishi la zamani mahali pake ikiwa bado una kitu cha kukitoa kwenye king'amuzi cha zamani.

Kwenye msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili, wingu zito likitanda juu ya Ziwa Tanganyika masafa ya Ku, ambayo madishi haya hupokea, hufifia. Rekodi haikusubiri wingu lipite; inaandika pengo. Tamthilia yenye marudio kesho yake mchana irekodi mara zote mbili. Nafasi kwenye flashi ni rahisi kuliko kumweleza mama mhusika alikufa vipi.

Saa

Wiki ya kwanza mama aliweka ratiba mwenyewe. Nilifurahi, kwa kuwa hapo awali rimoti alikuwa haigusi. Asubuhi akaniamsha.

"Chombo chako hakijarekodi habari za mkeo."

"Uliweka saa ngapi mama?"

"Saa mbili. Si ndiyo saa ya habari?"

Nikafungua orodha. Imeandikwa 02:00. Kilirekodi vizuri kabisa, nusu saa ya matangazo ya usiku wa manane. Saa ya ving'amuzi inaanzia usiku wa manane wa Kizungu: saa mbili usiku ni 20:00, saa tatu ni 21:00, saa tano ni 23:00. Nimeiandika kwa kalamu nene kwenye plasta nyuma ya rimoti. Mechi ya mtoano inayoweza kwenda dakika za nyongeza na penalti naiongezea saa nzima mbele. Vingine vina menyu ya kurekodi kwa kuchagua kipindi kwenye orodha badala ya kuandika saa. Kwa nyumba yenye mzee, hicho pekee kinatosha kukufanya uchague king'amuzi kimoja ukaacha kingine.

Ving'amuzi vidogo vya bure vina mtego mwingine. Vinachukua saa ya dunia kutoka kwenye setilaiti na kukuachia uongeze tofauti mwenyewe. Tanzania ni +3. Cha kwetu kilikuja kimewekwa +2, saa ya Burundi, na tukawa tunarekodi kila kitu kikiwa kimechelewa kwa saa nzima.

Ningekuwa wewe

Kama migongano kwenye karatasi yako haifiki miwili kwa wiki, boksi kubwa ni fahari tu, achana nalo. Ikizidi mitano, na yote iko kwenye chaneli za kulipia, na mkono wako hautetereki kulipia kila mwezi, hapo boksi lenye diski na tyuna nyingi linastahili pesa zake, na hutajuta. Kama unalipia mwezi mmoja unaruka miwili, jiepushe nalo: mwezi usiolipa ndio mwezi unaokuwa nyumbani bila hela, una muda wote wa kutazama ulivyorekodi, na ndio hapo vinapokufungia. Kama unachotaka ni habari, ibada, taarabu na mijadala ya chaneli za bure, king'amuzi kidogo chenye faili la wazi kinashinda vyote, na sioni mshindani wake. Mwenye mtoto shuleni anayetokea kwenye runinga siku moja, au ndugu anayehojiwa, arekodi huko kwenye faili la wazi, hata kama ana boksi la milioni.

Kabla hujachomoa cha zamani, kaa siku mbili utazame orodha yake yote. Vingi ni takataka. Vitabaki vitatu, vinne ambavyo hutaki kuvipoteza.

Cha kwetu kilibaki kimoja. King'amuzi cha zamani kilikuwa kimeshazimwa huduma, na flashi ya kamba nyekundu kikaisoma bila kukubali kuicheza. Nikalipia kifurushi kidogo cha mwezi mmoja, fundi akarudisha waya kwenye dishi la zamani, tukangoja robo saa kadi ifunguke. Nikaegesha simu juu ya kopo la mawese mbele ya runinga, nikafunga pazia ili kioo kisiakisi dirisha, nikabonyeza kurekodi kwenye simu na kucheza kwenye rimoti kwa wakati mmoja.

Kipande kina dakika mbili na sekunde arobaini. Picha imepinda kidogo kulia, na jogoo wa jirani anasikika. Baba anasema debe limepanda kwa sababu mbalamwezi imekuwa kali na dagaa hawafuati taa. Sekunde ya hamsini hivi mtoto anaanza kuuliza kitu, na sauti ya mama inaingia kutoka nyuma ya simu, ya chini lakini inasikika vizuri kuliko ya mtangazaji: "Nyamazeni, babu yenu anaongea."